Maswali ya Wasomaji: Vipokezi vya Ubongo Havitulii

Tumefundishwa kwamba kalsiamu ikiingia kwenye neuroni, yaani seli ya neva, huimarisha sinapsi, kiungo chake na neuroni nyingine. Somo lililofuata tukaambiwa kalsiamu hiyohiyo huidhoofisha. Tushike lipi?
*Mwanafunzi wa udaktari, Mwanza*

Shika yote mawili, kisha uliza imeingia kiasi gani na kwa muda gani.

Chukua sinapsi za eneo la CA1 kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ambazo zimechunguzwa kuliko karibu nyingine zote. Nguvu yake hutegemea sana idadi ya vipokezi vya AMPA, protini za kwenye utando zinazopokea glutameti, kemikali inayochochea neuroni, vilivyo mkabala kabisa na pale inapomwagwa. Neuroni ikiwa imetulia, karibu milivolti −70, tundu la kipokezi cha NMDA, aina nyingine ya kipokezi cha glutameti, limezibwa na magnesiamu. Ukiichochea kwa mapigo 100 kwa sekunde, kwa sekunde moja, vipokezi vya AMPA hupandisha volti, magnesiamu inasukumwa nje na kalsiamu inaingia kwa wingi. Hapo kimeng'enya cha CaMKII huamka na kubandika fosfati kwenye stagazini, protini inayofuatana na kipokezi cha AMPA. Mkia wa stagazini sasa unaishika vizuri zaidi PSD-95, protini iliyopangwa chini ya utando wa sinapsi.

Wengi huchora vifuko vyenye akiba ya vipokezi vikipasukia katikati ya sinapsi. Mchoro huo unapotosha. Vipokezi vipya hutokeza zaidi kwenye utando wa pembeni, kisha huelea vyenyewe huku na huko mpaka vinaswe, kama mashua zinazofungwa gatini. Kundi la Daniel Choquet kule Bordeaux, Ufaransa, limefuatilia mwendo huo kipokezi kimojakimoja. Mwaka 2017 watafiti hao walivifunga vipokezi vya juu ya utando visiweze kutembea, na hatua ya mwanzo ya kuimarika kwa sinapsi ikavurugika. Mahali pana uzito kwa sababu kipokezi cha AMPA hakivutwi kirahisi na glutameti: kikikaa mbali kidogo tu na mmwago, hakifunguki ipasavyo.

Sasa geuza. Mapigo 900, moja kwa kila sekunde, yaani dakika 15. Kalsiamu inaingia kidogokidogo, kiasi kisichotosha kuiamsha CaMKII vizuri, lakini kinachotosha kuiamsha kalsineurini, kimeng'enya kinachobandua fosfati, ambacho ni chepesi zaidi kuihisi. Fosfati zinaondolewa, vipokezi vinaachiwa, vinaelea hadi ukingoni na kumezwa ndani ya seli kwa vifuko vyenye gamba la protini iitwayo klathrini. Baadhi hurudishwa juu, vingine huvunjwavunjwa. Mkijaribu hili maabara, tumieni vipande vya ubongo wa panya wachanga. Kwa panya wakubwa utaratibu huu wa mapigo 900 mara nyingi haufanyi kazi.

Mtoto akiletwa mapema akiwa kwenye degedege, diazepamu humtuliza haraka. Akichelewa, dozi ileile haifui dafu. Je, dawa zetu zimeharibika?
*Muuguzi, Lamu*

Tarehe na utunzaji wa dawa kagua, ila sababu kubwa huenda iko kwenye sinapsi zenyewe. Diazepamu haizimi degedege peke yake. Huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza neuroni, kupitia vipokezi vya GABA-A vyenye kipande kiitwacho gama 2. Degedege likiendelea, vipokezi hivyo ndivyo vinavyomezwa ndani ya seli. Kwa panya walioachwa kwenye kifafa kwa saa moja, vilivyobaki kazini kwa kila sinapsi vilipungua kwa karibu nusu. Wakati huohuo vipokezi vya NMDA huongezeka sinapsini, na hivyo breki zinalegea huku mafuta yakiongezwa.

Ndiyo maana degedege likipita dakika 5 hutibiwa kama dharura, bila kungoja litulie lenyewe. Kwa mtoto, diazepamu ya njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kila kilo. Pima sukari ya damu papo hapo. Lisipokoma baada ya dakika 10, rudia mara moja. Kosa tunaloliogopa zaidi ni dozi ya tatu na ya nne: vipokezi vya kuitikia ni vichache, lakini kituo cha upumuaji bado kinaisikia dawa, na mtoto anaacha kupumua. Hamia dawa ya hatua ya pili kwa mujibu wa mwongozo wenu. Fenitoini, kwa mfano, hufanya kazi kwenye njia za sodiamu na haitegemei vipokezi vya GABA. Hospitali kubwa zenye chumba cha wagonjwa mahututi hutumia pia ketamini kwa degedege sugu, kwa kuwa inaziba vile vya NMDA vilivyoongezeka.

Kuna vidonge vya kuongeza vipokezi ili mtu asisahau?
*Msomaji, Morogoro*

Vya kununua dukani, hakuna. Tena kuongeza vipokezi kila mahali kungeleta kifafa, si kumbukumbu: kinachohifadhi jambo ni tofauti kati ya sinapsi moja na jirani yake. Pesa hiyo nunulia neti, ulale vizuri.