Mshipi, Maji na Upepo: Majibu kwa Wavuvi wa Ufukweni Tanga

Wiki iliyopita nilifika ufukweni Sahare saa 10 jioni, maji yakiwa yamejaa, nikapata changu wa kutosha. Wiki hii nimefika saa ileile na sikuguswa hata mara moja. Je, samaki wamehama?

Samaki hawajahama, bali maji ndiyo yaliyobadili saa. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo kwamba baada ya wiki moja umekwisha kuachana na saa uliyoizoea kwa karibu saa 6. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji ya Tanga hujaa karibu na saa 10, alasiri na alfajiri, na kupwa karibu na saa 4 asubuhi na usiku. Wiki inayofuata huwa ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na mpangilio hugeuka: saa 10 jioni unayakuta yamerudi nyuma kidogo na kulala, wala hayana nguvu ya kusogeza chakula. Hesabu siku za mwezi kwanza, ndipo utazame saa.

Ni wakati gani hasa wa maji ulio mzuri kwa mshipi?

Kwa maoni yangu ni saa mbili za mwanzo maji yanapoanza kujaa, kwa kuwa samaki hufuata ukingo wa maji wakila kaa wadogo na minyoo waliokuwa wamejificha mchangani. Maji yakianza kutoka, ondoka ufukweni uende kwenye mlango wa kijito cha mikoko, ambako samaki wakubwa hungoja kinachoteremshwa. Katikati ya bamvua mkondo huwa mkali mno: utasikia chubwi, yaani kizito cha mshipi, ikibiringika chini, kwanza kwa kugongagonga, kisha mshipi unalegea na kuelekea pembeni. Hapo ongeza uzito, au subiri.

Kusi likivuma, niache kuvua mpaka Septemba?

La hasha, badili upande tu. Kusi hutoka kusini-mashariki, hivyo Mwambani, iliyo wazi kwa bahari kuu, hupigwa moja kwa moja, ilhali upande wa ndani wa ghuba ya Tanga, nyuma ya rasi ya Raskazone, hubaki na kinga. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ghuba ndiyo inayoupokea upepo. Upepo ukiupiga mshipi ubavuni, mshipi hufanya tumbo, na samaki akigusa chambo mkono hausikii kitu. Jaribu alfajiri, umande ukitoka nchi kavu, kwani bahari huwa imetulia kabla kusi halijaamka. Hata hivyo, nisingependa ukimbie kila povu, kwa sababu kolekole huwinda humo humo ambamo mawimbi yanachafua mchanga. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hapo hakuna mjadala, baki nyumbani.

Simu yangu inaonyesha mgandamizo wa hewa. Je, niutumie kupanga siku ya kuvua?

Ushauri wa kuvua kwa kutazama mgandamizo umetoka nchi za baridi, ambako mgandamizo hupanda na kushuka sana dhoruba zinapopita. Huku kwetu, karibu na ikweta, hubadilika kidogo tu, na badiliko kubwa zaidi mara nyingi ni lile la kila siku, la kupanda asubuhi na kushuka alasiri. Tazama mwezi na upepo.

Baada ya mvua za masika maji huwa ya kahawia. Kuna haja ya kwenda?

Ipo, karibu na midomo ya mito. Hongwe hutafuta kwa harufu, kwa hiyo tumia chambo chenye kunuka. Changu msahau kwa muda.

Maji yakipwa sana mimi hutembea kwa miguu mpaka kwenye mwamba kuvua. Kuna hatari gani?

Ipo moja ambayo wengi hawaioni, kwa kuwa inatokea mgongoni. Mwamba umeinuka kuliko sakafu iliyo kati yake na pwani, hivyo maji yanaporudi hujaza kwanza bonde hilo la nyuma, nawe umesimama pakavu ukivuta samaki. Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6: katika saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 30, ya pili 60, kisha ya tatu na ya nne 90 kila moja. Aliyevuka yakiwa magotini anaweza kurudi yakiwa kifuani, tena yakienda mbio. Mimi mwenyewe niliwahi kurudi nikiwa nimebeba ndoo kichwani, na makubadhi yangu yameshachukuliwa na maji. Tangu hapo huchagua jiwe lililo kwenye njia ya kurudi, na maji yakiligusa tu nakunja mshipi, hata kama jirani yangu ndiyo kwanza anavuta changu.