Swali la mwezi: lxml inakatika katikati ya ujenzi

SWALI: Ninajenga lxml (maktaba ya Python ya kusoma XML na HTML) kutoka msimbo chanzo kwenye Debian, kompyuta ina RAM ya GB 1. Nimeshaweka build-essential, python3-dev, libxml2-dev na libxslt1-dev. Kompaila inafanya kazi muda mrefu, kisha inaandika "Killed". Klabuni tuna kompyuta nane za namna hii, na bando ni la kuchangishana. Tufanyeje?
Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Pole, ndugu msomaji. Vifurushi vyako vimekamilika. Kilichopungua ni kumbukumbu. Hakikisha hivi:

sudo dmesg | grep -i "out of memory"

Ukiona cc1 (sehemu ya kompaila gcc) imetajwa, basi kerneli, yaani kiini cha mfumo, ndiyo iliyoiua. Cython, zana ya kugeuza msimbo wa aina ya Python kuwa C, huigeuza lxml kuwa faili kubwa mno la C, etree.c, na gcc hulimeza lote kwa mpigo. Kinachokula RAM zaidi ni hatua ya kuboresha kasi ya msimbo, yaani -O2.

Ongeza swapu (sehemu ya diski inayotumika kama nyongeza ya RAM) ya GB 2:

sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Kisha, ndani ya venv (mazingira ya Python yaliyotengwa), jenga na uhifadhi gurudumu lake (wheel, yaani kifurushi kilichokwisha kujengwa):

CFLAGS="-O1" pip wheel --no-binary lxml -w ~/magurudumu lxml

Ikiuawa tena, tumia -O0. Lxml itakuwa nzito kidogo, ila itafanya kazi. Tafadhali usiandike --no-binary :all:, maana utailazimisha pip ijenge hata Cython kutoka chanzo, na hapo bando na siku nzima vimekwenda.

Faili la .whl litakalotoka linakiliwa kwa flashi. Kwenye zile saba nyingine, bila intaneti:

pip install --no-index --find-links ~/magurudumu lxml

Sharti toleo la Python na aina ya prosesa vifanane, na libxml2 na libxslt za kawaida ziwepo. Za -dev hazihitajiki huko. Ukipata "libxslt.so.1: cannot open shared object file", hizo ndizo zilizokosekana.

Mwisho, pima kila kompyuta:

python3 -c "from lxml import etree; print(etree.LIBXML_COMPILED_VERSION, etree.LIBXML_VERSION)"

Namba ya kwanza ni libxml2 iliyotumika kujengea, ya pili ni inayotumika sasa. Ya pili ikiwa ya zamani kuliko ya kwanza, sasisha Debian ya kompyuta hiyo kabla ya kuitumia.