Kwa mnaoanza kazi ya fiodi: ulizeni kwanza naitreti imetoka wapi

Wadogo zangu, nimepitia rasimu za mabango yenu na zote zina mshale uleule. Unaanzia kwenye ukuta wa barafuto, ule mto wa barafu unaotambaa polepole, unaingia fiodini, yaani ghuba nyembamba ya bahari kati ya milima, na juu yake mmeandika "virutubisho", kana kwamba naitreti, chumvi ya nitrojeni inayolisha mimea ya bahari, inatoka kwenye barafu yenyewe. Waliowatangulia nao waliuchora, na mimi niliuchora kabla yao. Nawapenda na nimechoka kuandika alama za kuuliza pembeni mwa kurasa zenu, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja.

1. Jueni barafuto yenu inaishia wapi.

Barafuto inayoishia nchi kavu hutiririsha maji yake hadi mtoni, na mto huyaingiza fiodini juu juu. Ni maji matamu, mepesi, yamejaa unga wa mwamba uliosagwa na barafu. Yakitanda juu, maji ya chini hayapati njia ya kupanda, na ule unga unakata mwanga. Fitoplanktoni, vijimea vidogo mno vinavyoelea baharini, wanabaki na njaa na giza kwa pamoja.

Barafuto inayoishia baharini ina mambo mengine kabisa. Maji yake ya kuyeyuka hupita chini ya barafu na kutokea kwenye kitako cha ukuta, pengine mita mia kadhaa chini ya uso wa bahari. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji chumvi, hupanda kwa kasi kandokando ya ukuta, na njiani hukokota maji ya kilindi mengi kupita ujazo wake yenyewe mara nyingi. Mkondo huo ni mwiko wa kukorogea tu. Uji ulikuwa chunguni tangu awali. Naitreti inayofika juu ni ya bahari.

Anayetaka kuona tofauti aangalie fiodi ya Godthåbsfjord, karibu na Nuuk, mji mkuu wa Greenland, ambako barafuto tatu zinaishia baharini, kisha aangalie fiodi ya Young Sound, kaskazini mashariki mwa Greenland, inayopata maji ya barafuto za nchi kavu pekee. Lorenz Meire na wenzake walizilinganisha mwaka 2017. Kule kwa kwanza uzalishaji wa fitoplanktoni unaendelea majira yote ya joto. Kule kwa pili ni hafifu. Hata takwimu za uvuvi wa samaki aina ya halibuti zilielekea hukohuko: maeneo ya pwani yenye barafuto kubwa zinazogusa bahari yana neema zaidi.

2. Lebo iandikwe kabla chupa haijaingia majini, kwa penseli, kwenye karatasi isiyolowa.

3. Pimeni barafu yenyewe.

Hapa mnisubiri kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Nilipokuja huku kusoma nilikuwa na Rufiji kichwani. Sisi tuliokulia pwani ile tunajua: mto ukifurika unashuka na tope, tope lina chakula, na kamba wa delta wanategemea mto huo. Kwa hiyo nilipoona maji yenye unga wa mwamba yakitoka barafuni nilisema moyoni, haya nayajua. Nikachota maji ya juu kuanzia mdomo wa fiodi hadi karibu na ukuta wa barafu. Majibu yalipotoka, kila nilivyosogelea barafu chumvi ilipungua na naitreti ilipanda. Mstari ulinyooka vizuri. Nikaandika sura nzima kwamba barafu inayoyeyuka inaleta naitreti baharini.

Siku ya kuwasilisha, fundi mmoja wa maabara, mzee mtaratibu aliyekaa nyuma, aliuliza: "Ndani ya barafu umepata naitreti kiasi gani?" Sikuwa nimepima. Vipande vya barafu vilikuwamo kwenye friza, vimefungwa kwenye mifuko, vikisubiri kazi ya mwenzangu. Jioni ile tuliviyeyusha viwili, tukachuja, tukapitisha mashineni. Namba ilikuwa karibu na sifuri kiasi kwamba nilitengeneza upya viwango, yale maji yenye naitreti ya kiasi kinachojulikana ya kusahihishia mashine, nikidhani mashine imeharibika. Ikarudi ileile. Ndipo nikakumbuka chupa za Niskin, zile zinazoshushwa kuchota maji ya kilindini. Zilikuwa zimechukuliwa kwenye vituo vilevile, siku zilezile, nami sikuzigusa kwa sababu niliamini mada yangu ni maji ya juu. Tulipozipima, naitreti yote ilikuwa humo: zaidi ya mikromola 10 kwa lita kilindini, wakati maji ya juu kule nje, mbali na barafu, yalikuwa yamekwisha kuliwa yakabaki matupu. Mstari wangu ulionyooka ulikuwa unaonyesha maji ya kilindi yaliyopandishwa juu na kuchanganywa na maji matamu.

Sura ya tasnifu huandikwa upya, na niliiandika. Linaloniuma ni jingine. Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumefanya mkutano kwenye kijiji cha wavuvi mle fiodini, na baba mmoja alisimama akauliza kama kuyeyuka huku kutaongeza halibuti au kutapunguza. Nilimjibu, kwa uhakika kabisa, kwamba barafu ikiyeyuka zaidi chakula baharini kitaongezeka. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mtu ana mashua na mkopo wa mashua, na mimi nimempa jibu kutokana na maji niliyochota bila hata kuinama sana. Nilirudi msimu uliofuata, nikasimama mbele yao tena, nikawaambia ukweli: barafuto yao inafaa kwa sababu mguu wake uko baharini, na ikirudi nyuma hadi ikakanyaga nchi kavu, maji yatazidi kutiririka lakini ule mkondo wa kupandisha utakoma. Yule baba alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru kwa kurudi. Nusu ya waliokuwapo mara ya kwanza hawakuwapo siku hiyo, na sijui ni wangapi bado wanaamini jibu langu la mwanzo.

4. Kina cha kitako kiandikwe kwenye kila grafu. Mark Hopwood na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba kina hiki ndicho kinachoamua: maji yakitokea chini mno, mkondo huishiwa nguvu na kusimama kabla ya kufika penye mwanga; yakitokea juu mno, hukuta maji yasiyo na kitu cha kupandisha. Barafuto nyingi za Greenland zinarudi nyuma, na nyingi kati yake zitaishia kwenye maji ya kina kifupi au nchi kavu.

5. Msichanganye naitreti na chuma.

Kila mwaka kuna anayenakili sentensi ya Antaktiki na kuipachika Greenland. Bahari ya Kusini ina naitreti na fosfeti zilizobaki bila kuliwa kwa sababu chuma hakitoshi. Huko, chuma kinachotoka kwenye barafu kinalisha kweli, na eneo la bahari ya Amundsen mbele ya barafuto ya Pine Island ni mfano unaojulikana. Pwani ya Greenland majira ya joto kinachokwisha kwanza kwa kawaida ni naitreti, na chuma kikiongezwa hakisaidii sana. Tena sehemu kubwa ya chuma cha mtoni hugandana na kuzama mara tu kinapokutana na chumvi. Alaska nako kuna njia yake: vuli, upepo huzoa unga wa barafuto kwenye bonde la mto Copper na kuupeleka mamia ya kilomita ndani ya Ghuba ya Alaska. Kitu ambacho barafuto inakitoa mwambani na kukifikisha pwani karibu kila mahali ni silika, na diatomu, fitoplanktoni wenye maganda kama kioo, wanaihitaji kujenga maganda yao. Iandikeni, mnaisahau.

Chupa za kuchotea maji ya kupima chuma zioshwe kwa asidi, na mchotaji akae upande upepo unakotokea, mbali na kutu ya meli.

6. Tazameni ndege.

Kongsfjorden, fiodi ya visiwa vya Svalbard huko Aktiki, shakwe wenye miguu myeusi hujazana pale maji ya kahawia yanapoibuka mbele ya ukuta, wakidokoa zooplanktoni, wanyama wadogo wanaoelea, waliopandishwa kutoka chini na kulegezwa na maji matamu. Mkiwaona wamekusanyika hivyo, mkondo uko hapo. Mmoja wenu msimu uliopita alikuwa ameinamia tableti akitafuta mkondo kwenye ramani ya setilaiti, na ndege wanapiga kelele juu ya kofia yake. Nilimgusa bega tu, akaelewa, tukacheka sote. Pimeni kwa mbali. Ukuta ukimeguka hautoi taarifa.

Mashine ya virutubisho iko huru Jumatatu na Jumanne. Anayetaka kujifunza kutengeneza viwango aje asubuhi mapema, na aje na barafu yake.