Usiirudishe hiyo santuri ya Dummy

USIIRUDISHE. Kama umeshaitia kwenye boksi, itoe.

Nimesoma swali lako, kama santuri yako imeharibika, tumbo likanikata. Nakala yako ya Dummy, albamu ya kundi la Portishead la Uingereza, inatatarika tangu upande wa kwanza, na kwenye wimbo wa Biscuit kuna mwanaume anaimba kwa kujivuta kama kaseti iliyolowa. Jamaa hapo juu keshakuambia sindano imekufa na santuri imekwisha, rudisha, chukua Mezzanine ya kundi la Massive Attack maana ndiyo albamu safi, ya watu wazima. Mkuu, huyo anakulisha matango pori. Ladha yake naijua, mimi nilikula shamba zima.

Nakala yangu ya kwanza ilikuwa toleo la mwaka 1994, jalada safi kabisa. Nikampelekea mtu aliyejiita mtaalamu wa santuri. Alisikiliza kama sekunde kumi hivi, akainua sindano kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu. "Hii imekula vumbi." Nikaiuza kwa bei ya kutupa. Aliyeinunua alitabasamu, nami nikamwonea huruma. MIMI nikamwonea huruma YEYE!

Nikanunua nyingine. Ikatatarika vile vile, kama mafuta kwenye kikaango. Mtaalamu akasema basi ni sindano. Nikanunua sindano. Bado. Ilipofika Biscuit na yule mzee wa kujivuta, akapata ugonjwa mpya: mkanda wa mashine umelegea, inazunguka polepole. Nikanunua mkanda. Mzee bado anaimba kama mtu anayezinduka kwenye nusukaputi. Basi ni mota. Sasa mota ukiambiwa bei yake, unaona bora ununue mashine nzima, na mimi ni mtu wa kuona bora. Nikanunua mashine nzima.

Usiku mmoja, kwa uvivu tu wa kuamka kugeuza santuri, nikaifungua albamu ile ile kwenye simu, hedifoni masikioni. Inatatarika. Mzee anajivuta. Simu haina sindano, haina mkanda, haijawahi kula vumbi la mtu. Nilibaki nimeikodolea macho kama imenitukana.

Ukweli wenyewe ni huu. Yule mzee ni Johnnie Ray, mwimbaji wa zamani wa Marekani, Portishead wamekata kipande cha wimbo wake wakakipunguza mwendo makusudi. Na ule mtatariko ni kazi ya mikono yao. Geoff Barrow na Adrian Utley wa kundi hilo walikuwa wanapiga vyombo wenyewe studio, wanazichapa rekodi hizo kwenye santuri, kisha wanazitembelea sakafuni kwa viatu ili zichakae, ndipo wanazichukua vipande vipande kujengea wimbo. Watu wamekanyaga santuri zao kwa makusudi ili zitatarike, mimi nimenunua mashine mpya ili zisitatarike! Na yule mtaalamu hakuwahi kuisikiliza albamu yenyewe hata mara moja, naapa. Angeisikiliza angejua kwamba sauti ya Beth Gibbons, mwimbaji wao, inakuuma kwa sababu iko safi, iko karibu na sikio, halafu nyuma yake kila kitu kimechakaa. Ukiliondoa hilo vumbi unabaki na mwanamke anaimba kwenye chumba kitupu.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na imenigharimu kuliko ada yoyote niliyowahi kulipa: kabla hujagusa sindano, sikiliza wimbo huo huo kwenye faili. Mtatariko ukiwepo na huko, ni muziki. Nyamaza, keti chini.

Huna faili? Hesabu. Santuri ya albamu inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Mkwaruzo wa kweli uliokata mifereji utagonga "tak" kila sekunde 1.8, wimbo uende haraka au polepole, hauna habari na ngoma. Mtatariko ukikaa ndani ya mdundo na kurudi pale pale kila kipande kinapojirudia, huo umewekwa.

Ulikuwa umeuliza pia ipi bora, Dummy au Mezzanine. Mezzanine ya Massive Attack ni ya mwaka 1998, gita zake zina baridi ya chuma, naipenda sana. Ila huyo jamaa anayeisifu kwa usafi akasikilize mwanzo wa Teardrop, wimbo wa humo humo, kabla mwimbaji wake Elizabeth Fraser hajafungua mdomo, aniambie kinachotatarika pale ni nini. Au na hiyo tubadilishe sindano? Dummy ilichukua Mercury, tuzo ya albamu bora ya Uingereza, mwaka 1995, na Maxinquaye, albamu ya mwanamuziki Tricky, ikiwa humo humo kwenye kinyang'anyiro. Tricky naye alichota kipande kile kile cha wimbo wa Isaac Hayes, mwimbaji wa soul wa Marekani, unachokisikia kwenye Glory Box ya humo Dummy.

Kulikuwa na swali la tatu, nadhani uanzie albamu ipi, sikumbuki vizuri, nina hasira. Weka Biscuit, hesabu hizo sekunde, rudi uandike umepata nini. Boksi liache wazi.