Chai ya maziwa inakatika ukiweka tangawizi? Angalia unaanza na nini

Mleta mada, umeuliza kwa nini chai yako ya maziwa inakatika ukitia tangawizi mbichi, wakati ile ya unga haikusumbui. Wengi wamekujibu kwamba maziwa yako yamechacha. Inawezekana, na kuhakikisha ni rahisi: yachemshe peke yake kwenye sufuria nyingine. Yakikatika hapo, tangawizi haina kosa. Yakichemka na kupanda vizuri, basi shida iko kwenye mpangilio wako.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Wachina wa Guangdong wanakitumia makusudi: wanamimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, yanaganda, wanayala kwa kijiko. Sisi kwenye chai hatutaki hayo. Dawa yake ni moto, kwa sababu kimeng'enya hicho hakihimili kuchemka. Kwa hiyo tangawizi ichemke kwenye maji kwanza, ichemke kwelikweli, ndipo maziwa yaingie. Anayeiponda na kuitia kwenye maziwa ya vuguvugu ndiye anayeishia kuona mabonge.

Nyumbani kwetu Tanga, kwa vikombe vinne, tunabandika vikombe viwili vya maji na kutia tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, iliki tano, kipande cha mdalasini, karafuu mbili na punje chache za pilipili manga. Karafuu usiongeze. Zikizidi zinafunika kila kitu na ulimi unabaki na ganzi. Mdalasini uwe wa magome, maana wa unga unaleta mlenda chini ya kikombe. Acha vichemke kama dakika kumi kwa moto mdogo, sufuria imefunikwa.

Kwenye iliki sitaki mzaha. Nunua yenye maganda, pasua moja hapo hapo dukani: mbegu ziwe nyeusi, zenye unyevunyevu, na harufu ikupande puani. Zikiwa kavu na za kijivu, mwachie muuzaji. Sisi tuna bahati, iliki inalimwa hapo Amani, milima ya Usambara, lakini hata ukiwa Dodoma au Nairobi unaweza kuchagua. Itwange kwenye kinu kidogo muda ule ule wa kupika, na maganda yake, kwa sababu nayo yana harufu. Unga wa viungo vya chai uliokaa kabatini miezi unatia rangi tu. Najua asubuhi watu wana haraka, ila kutwanga iliki tano hakumcheleweshi mtu kazini.

Sasa majani, vijiko viwili vidogo. Haya yetu ya chembechembe yanatoa rangi upesi, dakika mbili zinatosha. Ukiyachemsha pamoja na viungo tangu mwanzo unapata ukakasi ambao watu wanajaribu kuuficha kwa sukari.

Maziwa vikombe viwili, yakiwa tayari ya moto. Yaache yapande, punguza moto, yapande tena, mara tatu hivi, huku unakoroga kwa upawa. Hapo chai inakuwa nzito bila kuongeza maziwa. Sukari mwisho, kila mtu na kiasi chake.

Chuja moja kwa moja kwenye chupa ya chai. Usiache majani wala tangawizi ndani ya chupa, maana ikifika saa nne chai imekuwa chungu na mtalaumu maziwa bure. Na kama nyumbani kuna asiyetumia maziwa, mchotee chai yake ya rangi kabla hujayamimina. Viungo vimeshaiva, naye hatakosa kitu.