Uzio wa pwani hufia kwenye maungio

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaoishi jirani na bahari, na kilio chao ni kimoja: kutu. Nimechagua sita.

Shikamoo fundi. Geti langu lilitengenezwa kwa bomba za zinki na kupigwa rangi nzuri. Hata mwaka haujaisha, kila palipochomelewa pametoa michirizi ya kahawia, kwingine pako safi. Nimeibiwa?

Marahaba. Hukuibiwa, ila kazi iliachwa njiani. Zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907, chuma huyeyuka karibu na 1,500. Kwa hiyo moto wa kuchomelea ulipofika, zinki ya mahali pale iligeuka moshi mweupe kabla chuma hakijalainika. (Moshi huo ukivutwa kifuani humlaza fundi na homa usiku, mwambie afanyie kazi penye upepo.) Kwenye kiungo kimebaki chuma kitupu, kimefunikwa na maganda ya kuchomelea, na juu yake rangi. Maganda yakibanduka, rangi inaondoka nayo, chumvi inaingia.

Bado unaweza kuliokoa. Gonga maganda yote, piga brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, kisha osha kwa maji matamu na uache pakauke kabisa. Hapo pa kuosha ndipo wengi wanaparuka, na chumvi iliyofungiwa chini ya rangi huvuta unyevu mpaka rangi ifanye malengelenge. Baada ya hapo paka rangi yenye unga mwingi wa zinki mara mbili, ndipo uje na rangi ya juu.

Anayetengeneza geti jipya abadili mpangilio: achomelee kila kitu kwanza, kisha geti zima lipelekwe kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka. Bomba zitobolewe matundu ya hewa kabla ya kwenda huko, kwa sababu bomba lililozibwa pande zote linaweza kupasuka ndani ya lile birika la nyuzi joto 450. Zinki ya kuchovya huwa na unene wa mikroni 45 hadi 85 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ile ya kupakwa kwa umeme, inayong'aa kwenye skrubu za dukani, mara nyingi ni mikroni 5 hadi 12. Karibu na mawimbi, hewa ya bahari inaweza kula mikroni 4 hadi 8 za zinki kwa mwaka. Piga hesabu utaona skrubu ile inakufikisha wapi.

Fundi, nataka uzio wa mabati uliozibika kabisa, mita 2 kwenda juu, upepo usiniingilie. Mume wangu anataka wenye nafasi. Nani yuko sahihi?

Samahani mama, mzee kashinda. Uzio uliozibika ni tanga. Chukua kipande kimoja cha mita 2 kwa mita 2.5 kati ya nguzo mbili: upepo wa kilomita 72 kwa saa unakisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 120. Upepo ukiwa na kasi maradufu, nguvu haiwi maradufu, inakuwa mara nne. Tena nguzo zenyewe zimesimama kwenye mchanga, ambao haushiki nguzo kama udongo mgumu.

Na upepo utakuingilia tu. Ukigonga ukuta mzima huruka juu kisha hushuka upande wa pili ukizungukazunguka, ndiyo maana vumbi na majani hucheza ngoma nyuma ya ukuta. Uzio wa papi zilizoachana huuchuja upepo, ukapita umepoa. Kama tatizo ni macho ya wapita njia, pigilia papi pande mbili kwa kupishana: jicho halipiti, hewa inapita.

Nguzo iingie chini angalau theluthi ya urefu unaoonekana. Kwenye mchanga uliolegea mimi huenda nusu, na shimo nalipanua kitako. Nguzo za kona na za geti ziwe nene kuliko nyingine.

Nyumba yangu iko hatua chache kutoka ufukweni. Mchanga si huu hapa? Kwa nini ninunue?

Kwa sababu umejaa chumvi. Ndani ya zege nzuri nondo haishiki kutu, kwa kuwa saruji huizungushia utando mwembamba unaoilinda. Chumvi huutoboa utando huo. Kutu ikianza inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inaisukuma zege kutoka ndani. Umeshaona nguzo yenye ufa ulionyooka juu hadi chini, kama imechorwa kwa rula? Nyuma ya ufa ule kuna nondo. Kuupaka saruji ni kuufunika macho, hakuna kingine.

Hata kwenye lipu isiyo na nondo mchanga huo utakusumbua: ukuta unatoka jasho, unaota unga mweupe, rangi inabanduka vipande. Tumia mchanga wa nchi kavu na maji matamu. Nondo zifunikwe na zege ya milimita 50 kila upande, na vijiwe vya kuzitenga viwekwe kabla ya kumwaga, maana nondo iliyoegemea ubao wa fomu haina kinga yoyote. Kisha mwagilia siku 7. Najua fundi wako atasema tatu zinatosha.

Nimeambiwa alumini haishiki kutu kabisa. Ni kweli?

Kutu nyekundu, kamwe. Lakini nayo huliwa: hutoka vidonda vidogo vyenye unga mweupe, hasa ikigusana na chuma kingine penye maji ya chumvi. Niliwahi kufunga uzio wa alumini kwa skrubu za chuma cha pua, nikajiona bingwa. Nilipoufungua baadaye kuongeza kipande, skrubu zilikuwa kama mpya, ila tundu zake zilikuwa zimetanuka na kujaa unga. Metali mbili kwenye maji ya chumvi ni betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Siku hizi naweka washa ya nailoni chini ya kila kichwa cha skrubu na bushi ya plastiki ndani ya tundu.

Ukinunua chuma cha pua, omba namba 316. Namba 304 itaota madoa ya rangi ya chai mapema. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, hata muuzaji akikuonyesha maajabu yake.

Na mbao, fundi?

Mbao haziogopi chumvi kama chuma, zinaogopa mchwa na unyevu pale zinapoingia ardhini. Ziinue: ziketi kwenye kiatu cha chuma kilichochovywa zinki, juu ya kichwa cha zege kilichochongwa mteremko ili maji yasisimame. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba zitakula skrubu za zinki nyembamba, kwa hiyo tumia za chuma cha pua. Kila ncha unayoikata, ipake dawa upya.

Mvua inanyesha sana huku kwetu, je, bado nioshe uzio?

Osha, na uanzie pale mvua isipofika. Chungulia chini ya papi za kulala, nyuma ya bawaba, ndani ya kitasa, upande wa geti uliokingwa na paa: huko ndiko kutu inakoanzia, kwa sababu chumvi inatua na hakuna wa kuisuuza. Upande unaopigwa na mvua huwa mzima. Ndoo ya maji matamu na kitambaa kila baada ya wiki chache zinatosha, na ukiona pamechunika, rekebisha siku hiyohiyo. Bawaba zitie grisi ukimaliza, zikishakauka.