Kuaminika katika makundi ya mtandaoni ya biashara ya dagaa

Anayetaka kununua dagaa wa Mwanza kupitia makundi ya WhatsApp, hasa akiwa mbali kama Dar es Salaam au Mbeya, huanza kwa kuuliza bei ya gunia. Mimi huuza dagaa kutoka mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, kwa watu ambao wengi wao sijapata kuonana nao, na ushauri wangu ni kwamba atafute kwanza mtu wa kumtambulisha. Mgeni anayeandika "gunia bei gani?" bila salamu huambiwa "njoo inboksi", na huko hupewa bei ya mgeni. Aliyeletwa na mteja wa zamani, akasalimia, akatoa rambirambi mwenzetu alipofiwa, hupewa bei yetu wenyewe, na baadaye hata mali kauli, alipe akishauza.

Uzito wote uko kwa aliyemtambulisha. Huku Usukumani, ambako sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutengwa kulikuwa miongoni mwa adhabu zilizoogopwa: husalimiwi, huombwi, hupewi. Kuondolewa kwenye kundi hakufiki huko, kwa sababu tapeli hurudi na laini nyingine. Lakini mdhamini mwenye kizimba sokoni hana pa kujificha, na ndiye atakayedaiwa.

Hata hivyo, heshima hiyo hiyo hutufunga mdomo. Tapeli naye anajua kuamkia "shikamoo mama" kabla ya kuandika "ile hela itume kwenye namba hii", na mnunuzi huona haya kudai uthibitisho, asije akaonekana anamwita mwenzake mwizi. Mimi huwashauri wateja wangu waombe hivi: "Kaka, naomba picha ya gunia likiwa kwenye mzani, niwaoneshe wenzangu tuliochanga mtaji." Lawama huenda kwa wenzake wasiokuwepo, wala hakuna anayenuna. (Wenzake hao si lazima wawepo.) Muuzaji wa kweli ataliandika jina la mteja juu ya gunia kwa maka peni, ndipo apige picha.

Wakati wa kulipa kwa simu, jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri liwe lile ulilotambulishwa. Likija jingine, hata ukiambiwa ni la shemeji, sitisha malipo na umpigie simu aliyewakutanisha. Usimwandikie ujumbe, kwa maana akaunti yake nayo yaweza kuwa imeibwa.